Mlango Unafunguka. Je, Unafungika?

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya testi, yaani programu ndogo za kukagua programu nyingine. Hapa zinakagua kodi (maandishi ya programu, si ushuru) ya watumiaji: kusajili, kuingia, kubadili nywila, kugawa vyeo, kufuta akaunti. Nimefurahi, kwa sababu hapo ndipo mifumo mingi inapovunjikia, na ndipo watu wanapopaangalia mwisho.

Shikamoo mwalimu. Nimeandika testi ya kuingia: mtumiaji anaweka nywila sahihi, anaingia. Inapita. Naweza kuendelea na kazi nyingine? (Makorora)

Marahaba. Hapana, bado hujaanza. Ukitaka kumpima mlinzi wa ghala pale bandarini, humpimi kwa kumpeleka mwenye ghala na funguo zake mkononi. Unampeleka asiye na kibali, halafu mwenye kibali cha jana, halafu mwenye kibali cha ghala la jirani, uone kama atawarudisha. Kodi ya kuingia kazi yake kubwa ni kukataa. Kwa hiyo kwa kila testi moja ya kukubali nataka nione tano au sita za kukataa: nywila tupu, nywila sahihi ya mtu mwingine, akaunti iliyofungwa, akaunti ambayo barua pepe yake haijathibitishwa, mtu aliyekosea mara nyingi mfululizo. Kisha barua pepe isiyokuwepo kabisa, ambayo jibu lake lazima lifanane neno kwa neno na jibu la nywila isiyo sahihi. Yakitofautiana, mtu ataitumia fomu yako kuchambua nani ni mteja wako na nani siye.

Nalisema hili kwa uchungu. Zamani nilikabidhiwa mfumo wa chama kimoja cha kuweka na kukopa. Sharti la kuingia lilikuwa mtumiaji awepo NA nywila ilingane. Mwenzetu mmoja, katika kuipanga upya kodi, akaandika AU. Testi kumi na nne zikapita, kijani tupu (kijani ni kupita, nyekundu ni kuanguka), maana zote kumi na nne zilikuwa za watu wenye nywila sahihi. Kwa siku mbili yeyote aliyejua barua pepe ya mwanachama aliweza kuingia. Aliyetushtua ni mama mmoja mwanachama: alikosea nywila, akajikuta yumo ndani, akapiga simu kuuliza kulikoni.

Tangu hapo nina desturi. Nikimaliza kuandika testi naiharibu kodi kwa makusudi. Nageuza NA kuwa AU, nafuta mstari wa ukaguzi, kisha naziendesha. Testi isipogeuka nyekundu naifuta na kuandika nyingine.

Mfumo wetu una watumiaji 30 tu. Kuna haja ya testi kweli? (Pongwe)

Ipo. Watu 30 wana nywila 30, na baadhi yao wanatumia hiyo hiyo kwenye barua pepe zao.

Testi zangu 200 zinachukua karibu dakika mbili. Nimegundua kinachochelewesha ni bcrypt. Niiondoe, nihifadhi nywila wazi kwenye mazingira ya testi? (Chumbageni)

Umegundua vizuri, lakini dawa yako ni mbaya kuliko ugonjwa. bcrypt, njia ya kuvuruga nywila kabla ya kuihifadhi, ni nzito kwa makusudi; ilitengenezwa hivyo ili anayekisia nywila achoke. Usiiondoe, punguza gharama yake, yaani namba inayopanga uzito wake. Kila hatua moja ya gharama inaongeza kazi maradufu, na ya chini kabisa inayokubalika ni 4, kwa hiyo ukishuka kutoka 12 hadi 4 kazi inapungua mara 256. Laravel, kiunzi cha kujengea mifumo kwa lugha ya PHP, huja na mpangilio huo tayari ndani ya faili la PHPUnit, chombo chake cha testi. Kwenye Django, kiunzi cha lugha ya Python, unabadilisha orodha ya PASSWORD_HASHERS katika mipangilio ya testi.

Halafu linda mpangilio huo usivuke. Andika testi nyingine inayosoma mipangilio ya seva halisi na kugoma ikikuta gharama chini ya 10. Na maadamu uko hapo, kumbuka bcrypt husoma baiti 72 za mwanzo tu. Mtu akiweka sentensi ndefu ya Kiswahili kama nywila, kinachozidi hapo kinaweza kukatwa kimyakimya. Andika testi ya nywila mbili ndefu zinazotofautiana mwishoni tu, ujue mfumo wako unafanya nini.

Naomba kodi ya testi ya kusimamia watumiaji. Nakabidhi Ijumaa. (Hakutaja alipo)

Swali hili linarudi kila wiki, na kila wiki linakuja tupu. Hujasema lugha. Hujasema mtumiaji wako ni nani, anaruhusiwa nini na anakatazwa nini. Siwezi kukuandikia testi ya sheria usizozitaja, na nikikupa kodi ya mfumo wangu utaibandika, itapita au haitapita, na hutajua kwa nini.

Anza na sentensi ya Kiswahili: karani asiye msimamizi akijaribu kufuta mtumiaji, akataliwe, na mtumiaji abaki. Hiyo ndiyo testi yenyewe. Kilichobaki ni kuiandika kwa lugha unayotumia. Zingatia kipande cha mwisho. Wengi wanakagua kwamba seva imejibu 403, yaani "huruhusiwi", na kuishia hapo. Nimeona kodi inayofuta kwanza, kisha ndiyo inakataa.

Testi ya tokeni ya kubadili nywila (msimbo wa muda anaopewa mtu abadili nywila) inapita mchana. Nikifanya kazi usiku sana inaanguka, asubuhi inapita tena bila kuguswa. Nimeiongezea irudie mara tatu. (Raskazone)

Toa hiyo ya kurudia mara tatu. Testi inakwambia ukweli nawe unaiziba mdomo.

Nakisia inaanguka kati ya saa sita na saa tisa usiku. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa ambayo seva nyingi huifuata. Katika saa hizo tatu, hapa Tanga tarehe imeshabadilika, ya UTC bado ni ya jana. Mahali fulani unalinganisha tarehe ya seva iliyo kwenye UTC na tarehe ya kompyuta yako. Hifadhi kila kitu kwa UTC, badilisha unapomwonyesha mtu tu.

Kodi ya tokeni isiulize saa yenyewe. Ipewe saa kutoka nje, ili testi iweze kuisimamisha pale unapotaka: sekunde moja kabla ya tokeni kuisha, wakati uleule inapoisha, na sekunde moja baadaye. Halafu ongeza mbili ambazo watu husahau: tokeni iliyokwisha kutumika isitumike tena, na ya zamani ife pale mtu anapoomba mpya.

Duka letu la vipuri vya baiskeli linatumia namba ya simu kuingilia. Mteja mmoja ana akaunti tatu, ila testi ya "namba isijirudie" inapita. (Barabara ya 12, Ngamiani)

Inapita kwa sababu umeijaribu namba moja iliyoandikwa kwa namna moja. Mteja wako aliandika inayoanza na 0, siku nyingine 255, siku nyingine +255 na nafasi katikati. Kwako ni maneno matatu tofauti, kwa mtandao wa simu ni laini ileile. Geuza namba iwe na umbo moja kabla ya kuihifadhi, na testi ipitie maumbo yote kwa jedwali.

Kisha weka sharti la UNIQUE (thamani isijirudie) ndani ya databesi yenyewe, pale taarifa zinapohifadhiwa. Maombi mawili yakifika kwa pamoja, ukaguzi ulio kwenye kodi peke yake utayapitisha yote mawili. Na endesha testi hizi kwenye databesi unayotumia kweli. MySQL, moja ya programu za databesi, kwa mpangilio wake wa kawaida huhesabu herufi kubwa na ndogo kuwa sawa. Nyingine, PostgreSQL na SQLite, hutofautisha. Barua pepe itakayokataliwa huku itakubaliwa kule.

Hukuuliza, lakini watumiaji wote wa testi zako wanaitwa Juma. Weka na Ng'wandu. Alama ile moja ya ' imeshaangusha fomu nyingi, na mwenye jina ndiye anayeambiwa amekosea.

Nimechukua nakala ya databesi ya wateja niitumie kwenye testi, ili ziwe za uhalisia. (Muheza)

Ifute leo, mdogo wangu, na kama umeshaiingiza kwenye Git, chombo kinachotunza historia ya kodi, ujue kufuta faili hakutoshi, imebaki kwenye historia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mteja alikupa namba yake umhudumie, hakukupa uizungushe kwenye kompyuta za mafundi.

Nimewahi kushuhudia testi yenye namba halisi ikituma ujumbe wa "nywila yako imebadilishwa" saa nane za usiku. Watu waliamka wakidhani wameibiwa. Tunga watumiaji wako, na barua pepe zao ziwe za example.com, jina lililotengwa kwa mifano tangu 1999. Sehemu ya mfumo inayotuma ujumbe nayo iwe bandia.

Fremuweki yangu, kiunzi nilichojengea mfumo, inashughulikia usalama. Kwa nini nijaribu vyeo? (Korogwe)

GitHub, tovuti ya kuhifadhi kodi, nao walikuwa na fremuweki, tena nzuri, Rails. Machi 2012 mwandishi wa programu Egor Homakov aliongeza sehemu moja kwenye fomu ya funguo (za kuandikia kwenye miradi), namba ya mtumiaji mwingine, na mfumo ukaipokea. Ufunguo wake ukaingia upande wa mradi wa Rails wenyewe, akaweza kuandika humo. Fremuweki ilifanya kama ilivyoelekezwa. Hakuna aliyeiambia ikatae.

Kwako testi ni hii. Ingia kama mteja wa kawaida, tuma fomu ya wasifu wako, ongeza humo cheo cha msimamizi na namba ya mtu mwingine. Kisha usome databesi, usitazame jibu la seva tu. Cheo kiwe kilekile cha mwanzo, na wasifu wa yule mwingine usiwe umeguswa hata herufi moja.