Kwenye riwaya ya Orwell maskini hawakuchunguzwa, kwetu wanaanza wao

Habari za jioni wakuu.

Mwenzetu ameuliza kama zile hadithi za dunia iliyobanwa, ambako wakubwa wanaona kila kitu, zinatuhusu chochote sisi, au ni hofu za Wazungu walizojiandikia wenyewe. Wengi mmemjibu kwa habari za serikali na kamera. Mimi namjibu kwa deni la Sh 80,000, kwa sababu ndilo lililonifungua macho kwenye riwaya niliyokuwa nimeshaisoma mara mbili.

Ilikuwa 2022. Nafundisha sekondari ya binafsi mkoani Morogoro, mshahara ulikuwa umechelewa mwezi wa pili, na mtoto wangu wa mwisho alikuwa anaumwa. Usiku nikapakua programu ya mikopo kwenye simu. Ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote niliyohifadhi, kisha meseji zangu, kisha picha, kisha mahali nilipo. Nikabonyeza "Nakubali" mara nne bila kusoma, mtoto analia pembeni. Niliomba 80,000, zikaingia 56,000, nyingine walikata juu kwa juu. Baada ya siku saba nilitakiwa kurudisha 80,000 kamili.

Siku ya nane mama mkwe akanipigia. Si kawaida yake kunipigia mimi, huwa anapitia kwa mke wangu, kwa hiyo nilijua kuna msiba. Akasema, "Mwanangu, kuna watu wameniandikia kwamba wewe ni tapeli na mimi ndiye niliyekudhamini. Nimedhamini nini?" Kabla ya saa sita mchana ujumbe ule ule ulikuwa umemfikia mkuu wa shule, fundi wa pikipiki yangu, na wazazi sita wa wanafunzi ninaowafundisha. Mzazi mmoja alinirushia ule ujumbe kama ulivyo, bila kuongeza hata salamu. Huyo aliniuma kuliko wote waliopiga na kufoka.

Sasa turudi kwenye 1984 ya George Orwell, iliyotoka mwaka 1949. Kila aliyeisoma anaikumbuka ile runinga ya ukutani inayomtazama anayeitazama. Kinachosahaulika ni kwamba walioandamwa nayo ni wanachama wa Chama kinachotawala. Makabwela, ambao kitabu kinasema ni asilimia 85 ya watu wote, wengi wao hawakuwa nayo hata nyumbani. Chama hakikuona faida ya kuwachunguza. Na kule juu kabisa, O'Brien, bwana mkubwa wa Chama cha Ndani, anaizima runinga yake mbele ya Winston, mhusika mkuu ambaye ni mwanachama wa kawaida, kwa sababu cheo chake kinamruhusu. Mkubwa anazima, wa kati anatazamwa, wa chini ameachwa.

Kwetu wa chini ndiye wa kwanza. Mwenye hati ya nyumba anaingia benki, anaiweka, anakopa, na hakuna anayetaka orodha ya wakwe zake. Asiye na hati anaweka alichonacho, yaani watu wanaomheshimu. Dhamana ya mkopo wangu ilikuwa aibu, na waliokopesha walijua thamani yake vizuri kuliko mimi.

Aliyeliona hili la aibu mapema ni Mrusi mmoja, Yevgeny Zamyatin, katika riwaya yake ya Sisi aliyoiandika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nchini kwake haikuchapishwa hadi 1988. Watu wake hawana majina, wana namba, na msimulizi anaitwa D-503. Wanaishi kwenye nyumba za vioo, kila mtu anamwona jirani akila na akivaa, na pazia hushushwa kwa saa maalumu tena kwa kibali. Mwanzoni D-503 anazipenda hizo kuta. Anaona hawana cha kufichana, na kwamba vioo vinawarahisishia walinzi kazi.

Mkuu mmoja hapo juu ameandika karibu maneno hayo hayo, kwamba asiye na cha kuficha hana cha kuogopa. Namjibu kwa heshima: sikuwa na cha kuficha. Deni lilikuwa la dawa na nililimaliza wiki iliyofuata. Lakini ukishajua kwamba kila jina kwenye simu yako ni fimbo ambayo mtu mwingine anaweza kuishika, unabadilika. Nilianza kufuta majina ya watu ninaowapenda ili wasifikiwe. Winston alijibanza kwenye kipembe ambacho runinga haikioni ndipo aandike shajara yake. Mimi nilikaa usiku naandika namba ya mama mkwe, ya kaka yangu na ya shangazi nyuma ya daftari la maandalio ya somo. Daftari hilo ninalo hadi leo, na namba hizo sijazirudisha kwenye simu.

Najua kuna watakaosema sheria sasa zipo. Zipo, na nazifurahia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kenya walishatunga sheria yao ya data 2019. Aliyetendewa kama mimi asikae kimya, apeleke malalamiko kwa maandishi. Ila ukilalamika utaulizwa kama ulikubali, na mimi nilikubali, mara nne, kwa kidole changu mwenyewe.

Mwaka jana niliingia na simu darasani, kidato cha tatu, nikapakua mbele yao programu nyingine ya aina ile. Ikaomba majina. Binti wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, ukikataa inakuwaje?" Nikampa simu ajaribu mwenyewe. Akabonyeza "Kataa", programu ikajifunga. Akaifungua tena, akabonyeza "Kataa", ikajifunga. Alijaribu mara tano, darasa zima limenyamaza linamtazama.