Nchi iliyopiga marufuku ubao

Wiki hii mmetuuliza: ni habari gani ya michezo, ya ajabu lakini ya kweli, ambayo msomaji hachoki kuisimulia? Yangu ni ya Norwei. Mwaka 1978 nchi hiyo ilipiga marufuku sketibodi, ule ubao wa magurudumu manne ambao vijana husimama juu yake wakateleza nao. Kuutumia marufuku, kuuuza marufuku, kuuingiza nchini marufuku. Wakubwa walitishwa na habari za watoto kuumia huko Marekani. Amri ikakaa mpaka 1989. Miaka hiyo yote 11 kuna vijana walioingia msituni na misumeno yao, wakajenga miteremko ya mbao kati ya miti ili wateleze bila kuonwa.

Mimi ni seremala, hapa Langoni, Lamu. Nimekula jasho la randa na patasi tangu sijaota ndevu, kwa hiyo habari hii hunigusa upande wa mbao. Mtoto abebe mbao kwa siri hadi porini, apime, akate, aupinde mteremko uwe laini kiasi cha gurudumu kupita bila kukwama, na akijua kesho anaweza kuja mtu akauvunja! Huyo mimi nampa heshima ya fundi.

Niliyaingia haya kwa sababu ya mtoto wa ndugu yangu. Aliletewa ubao kutoka Mombasa, na siku moja akaja nao karakanani umekatika vipande viwili. "Ami, hautaungika huu?" Nikautazama pale ulipovunjikia. Tabaka saba nyembamba za mti wa mepo, mti wa nchi za baridi, zimegandishwa kwa gundi na kushindiliwa pamoja. Tano nyuzi zake zimelala kwa urefu, mbili zimekatiza kwa upana. Nikamwambia hauungiki, lakini nitakuchongea mwingine. Nikachukua ubao mzima wa mkangazi, mzuri, mkavu, nikaupiga randa na msasa hadi ukang'aa.

Ulipasuka jioni ileile. Nilikuwepo. Kijana alikuwa ananionyesha ule mruko wao mkubwa: unakanyaga mkia kwa kishindo, pua ya ubao inainuka, mguu wa mbele unaisugua kwenda mbele, na ubao unapaa nawe bila kushikwa kwa mkono. Mruko huo aliuanzisha Alan Gelfand wa Florida miaka ya 1970, kwenye kuta zilizopinda. Rodney Mullen ndiye aliyeuleta kwenye ardhi tambarare, mapema miaka ya 1980. Basi kijana alipotua, mkangazi wangu ukafunguka kufuata nyuzi zake, kama kuni iliyopigwa shoka. Hapo ndipo nilipoelewa zile tabaka mbili za kukatiza zinafanya kazi gani.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kutafuta habari za mbao hizi, na kijana hunisomea kwenye simu. Wenzake wanampenda zaidi Otto, mbwa wa Lima, Peru, aliyepita juu ya ubao katikati ya miguu ya watu 30 mwaka 2015. Mimi napenda ile ya California. Miaka ya 1976 na 1977 ukame ulikuwa mkali, watu wakaacha mabwawa yao ya kuogelea yakae matupu. Vijana wakaruka nyua, wakateleza ndani ya yale makarai ya saruji. Viwanja vingi vya leo vyenye umbo la bakuli asili yake ni hapo. Michezo ya Olimpiki ya Paris, 2024, waliingia bakulini humo Zheng Haohao wa China, mwenye miaka 11, na Andy Macdonald wa Uingereza, mwenye miaka 51. Mchezo gani mwingine una nafasi ya mtoto na babu?

Iweke habari ya Norwei kando ya hii ya Kabul, Afghanistan. Huko, mwaka 2007, Oliver Percovich kutoka Australia alianza kufundisha watoto ubao, na kazi ile ikawa shirika la Skateistan. Mila za pale hazikumtaka msichana aendeshe baiskeli. Lakini ubao ulikuwa kitu kigeni, hakuna aliyewahi kuutolea neno, na wasichana wakaupanda. Nchi moja waliujua wakauzuia, nyingine hawakuujua ukapita. Na Bolivia, mjini Cochabamba, wako wanawake wanaojiita ImillaSkate, wanateleza wamevaa sketi pana za bibi zao, kwa kuwaenzi. Picha yao nilimwonyesha binti ya ndugu yangu, dada yake kijana. Aliitazama muda mrefu, kisha akakaza mtandio wake akaniomba ubao wa kaka yake ajaribu kusimama.

Haya nayasema kwa kuwa barazani kwetu limeanza kusemwa neno hilohilo la marufuku. Wazee wangu wana hoja, na nawaheshimu. Usita wa mui, njia ya katikati ya mji wetu, ni mwembamba, punda hushtuka kwa mlio wa magurudumu, na bibi aliyebeba kikapu hawezi kuruka pembeni. Mle ndani mimi pia sitaki ubao. Lakini ile saruji ya mbele, ukingoni mwa bahari, baada ya alasiri majahazi yakishamaliza kupakua, ina nafasi. Nimewaomba wawaachie vijana saa ile moja, na nimejitolea kusimama pale mwenyewe niwatazame. Jibu bado sijapewa.

Kwa sasa nina ubao mwingine kwenye jiliwa. Safari hii nimetumia vipande vitatu vya plaiwudi ya milimita tatu, gundi katikati, na ncha mbili nimezikandamiza kwa mawe ili zipinde juu kidogo. Nautoa Ijumaa baada ya sala. Binti ameshaniuliza mara mbili wake naanza lini.