Kindi "anayeruka", "anayepaa" au "anayeelea"?

Swali: Natafsiri makala fupi ya wanyama wa Marekani kwa ajili ya wanafunzi wangu. Kwa "flying squirrels" nimeandika "Kindi wanaoruka wako hatarini kutoweka kwa sababu makao yao yanaharibiwa", mwalimu mwenzangu anasema ni "wanaopaa". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, asante sana kwa swali hili, maana hapa kitenzi kimoja kinaweza kumpa mtoto picha ya mnyama mwingine kabisa. Kuruka kwetu kumebeba mengi mno, chura anaruka, mtoto anaruka kamba, njiwa anaruka, sasa ukisema kindi anaruka mwanafunzi atakuuliza kuna kindi gani asiyeruka, wakati huyu wa mnazini kila siku anamwona anaruka kuti hadi kuti. Mwenzako kakimbilia kupaa na namwelewa, ila kupaa ni kwenda juu, ndege ikiacha uwanja tunasema imepaa, na huyu mnyama akiwa hewani anashuka.

Ebu mwangalie. Anapanda mpaka juu kabisa ya mti, anajirusha, anatanua miguu yote minne na ile ngozi ya ubavuni iliyoshika mkono na mguu inavutika kama kanga iliyokamatwa pembe nne, mkia wake bapa unamweka sawa, anateremka kimshazari mpaka kwenye shina la mti mwingine, akikaribia anainua kifua kupunguza mwendo halafu anatua kwa miguu yote. Hapigi mabawa kama popo, hana mabawa. Kwa hiyo mie ningeandika anajirusha na kuelea hewani, kama tunavyosema mwewe anaelea akiwa katandaza mabawa bila kuyapiga.

Upatanisho wako uko sawa, kindi ni wa A-WA japo anaanza na ki-, usije ukaandika "vindi". Na "hatarini kutoweka" ni Kiswahili safi tu. Kinachonisumbua ni kusema kindi hao wote kwa jumla, wako aina zaidi ya 40 duniani na hali zao hazifanani. Hukohuko Marekani yule mdogo anayeitwa kindi wa kusini yupo tele kwenye misitu ya mashariki, lakini yule wa milima ya North Carolina na jirani zake yuko kwenye orodha ya walio hatarini tangu 1985, na ndugu yake wa West Virginia aliwekwa mwaka huohuo akaja kutolewa 2013. Kwa hiyo andika "baadhi ya", neno dogo ila ndilo linalofanya sentensi iwe kweli.

Makao si kosa, ila watu wameshalizoea kwenye makao makuu na makao ya watoto, kwa wanyama makazi linakaa vizuri zaidi. Na ukiweza yataje hayo makazi yenyewe! Kule Finland kindi wa aina hii analala kwenye tundu la mti lililotobolewa na kigong'ota, mti mzee ukikatwa nyumba imekwenda. Wa milima ya Marekani anategemea misonobari ya sehemu za baridi na uyoga unaoota chini ya udongo kwenye mizizi yake.

Kingine, misitu ya Tanzania na Kongo nayo ina mnyama anayeelea hivyohivyo, ana magamba chini ya mkia, ila si kindi, kiukoo yuko karibu zaidi na kamandegere. Usiwachanganye wanafunzi hapo.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Baadhi ya kindi wanaoelea hewani, kama wale wa milima ya North Carolina, wako hatarini kutoweka kwa sababu misitu ya misonobari wanamoishi ilikatwa sana na iliyobaki inashambuliwa na wadudu."