Watoto wanamkimbia mwalimu wetu wa kwenye simu

SWALI: Dada, mimi nafundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Kisumu, na rafiki yangu tunatengeneza programu ya simu watoto wafanye mazoezi ya kuongea. Mhusika wetu anaitwa Mwalimu Bora, anajua kila kitu na mtoto akikosea anarekebishwa hapo hapo. Wanaongea naye dakika mbili wanatoka. Tumekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, asante sana kwa kuandika, hii kitu naipenda. Mimi shida naiona kwa hilo jina. Mtoto ametoka darasani saa tisa amechoka, halafu unampa mwalimu mwingine ndani ya simu, na huyo mwalimu hana kitu anataka kutoka kwake juu anajua yote, sasa mtoto atamwambia nini?

Mpe huyo mhusika shida yake. Mfanye mama wa samaki pale soko la Kibuye siku ya Jumapili, jioni imeingia, amebakisha ngege watatu na anataka kufunga aende nyumbani. Hajui mteja anataka mbichi ama wa kukaanga, lazima aulize. Mtoto akisema "nataka samaki moja kubwa", mama asianze mambo ya ngeli, ajibu tu, "Mmoja mkubwa? Huyu hapa, shilingi 300, ama nikupe wawili wadogo?" Hapo mtoto amesikia mmoja, mkubwa, wawili, wadogo, na bado wako kwa bei. Akirudia kosa lile lile mara ya tatu, mama amuulize, "Umesema samaki wangapi, mwanangu?" halafu amngoje.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani alitoa ELIZA, programu ilikuwa inachukua maneno yako inakugeuzia kama swali, haikuelewa chochote, na bado watu waliifungulia roho. Kuulizwa kunavuta mtu. Ndio maana tafadhali waambie watoto wazi kwamba huyu mama ni kompyuta, wasije wakampa siri za nyumbani.

Na asijue kila kitu! Akiulizwa habari za mtihani aseme "hiyo sijui mwanangu, mimi najua samaki." Kabla hujagusa kompyuta tena, andika mistari yake ishirini kwa karatasi, nenda Kibuye umsomee mama anayeuza kweli, na popote atakaposema "sisi hatuongei hivyo", futa.