Zawadi ya kaka anayepiga picha Kitulo

Dada, nimekuelewa: kaka yako hapo Mbeya anapiga picha kwa mapenzi tu, kila msimu wa maua yuko Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, nawe una laki moja ya zawadi. Lenzi iache. Kwa hela hiyo utapata iliyochoka, na huenda hata isiingie kwenye kamera yake.

Mimi ningemnunulia betri ya akiba. Kitulo iko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi humaliza betri upesi. Niliwahi kufika kule alfajiri, umande bado umelala kwenye okidi, nikapiga picha nne tu kamera ikazima. Iliniuma sana. Basi mvizie akiwa ametoka, fungua kifuniko cha betri, piga picha ya maandishi ya betri kwa simu uende nayo dukani. Ikipishana hata herufi moja, usinunue.

Kama betri anazo, mpe kopo kubwa la plastiki la kuhifadhia kamera na lenzi, lenye mfuniko wa kubana, na ndani vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu. Unyevu wa huku kwetu huotesha kuvu kwenye lenzi. Ukimulika tochi unaona kama utando wa buibui. Akiukuta, asiifungue mwenyewe, aipeleke kwa fundi wa kamera.

Kadi ya kumbukumbu nayo inafaa, ila feki ni nyingi: imeandikwa GB 128, inabeba robo yake, picha zinazofuata zinapotea. Nunua kwa anayetoa risiti, na muijaribu kadi palepale.