Akishuka mlimani hasemi neno

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni mgumu, anabeba mizigo ya watalii Kilimanjaro. Akipanda anakaa siku sita, saba. Akishuka anaoga, anakula, analala. Nikimwambia mwenye nyumba kaja kudai kodi na mtoto anadaiwa michango shuleni, anajibu "nimesikia" na kugeukia ukutani. Juzi nikamwambia kama kazi imemshinda aseme, mbona wenzake wanapanda mlima huohuo na wananunua viwanja? Akachukua begi, yuko kwa kaka yake, mtaa wa Soweto hapahapa Moshi. Wifi anasema sina huruma. Mimi nafika soko la Mbuyuni saa kumi na moja alfajiri kuuza ndizi, nani ananihurumia? – Mama Wawili, Pasua, Moshi.*

Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho limenifanya niisome barua mara mbili. Hakuna anayekuhurumia, na si haki. Nitalirudia. Ila lile neno la viwanja lilikuwa baya, nawe unajua, la sivyo usingelitaja.

Kwanza, hao wenye viwanja. Wengi unaowasikia ni waongozaji, siyo wagumu, na malipo yao ni mengine kabisa. Halafu mtu akinunua kiwanja anakiweka WhatsApp. Deni haliweki.

Kabla ya kukujibu nilimtafuta kijana mmoja wa mtaani kwetu anayefanya kazi hiyohiyo. Nilimuuliza tu, safari inakuwaje? Nilidhani atanijibu kwa dakika mbili, chai ikapoa. Getini mzigo unapimwa, mwisho kilo 20, na begi lako mwenyewe unaliongezea juu. Asubuhi wageni wakianza kutembea, wao ndiyo kwanza wanang'oa mahema, kisha wawapite njiani ili wageni waikute kambi ya mbele imesimama. Kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, haina maji. Wanayabeba kutoka Bonde la Karanga, wakipanda. Halafu akavua kiatu. Kwenye mteremko wa Mweka kidole gumba kinagonga ncha ya kiatu siku nzima, ukucha ukawa mweusi kama zabibu. "Shangazi, miguu inafika nyumbani, kichwa kinakuja kesho yake."

Wewe umeziona kucha za mumeo?

Sikuulizi kukuaibisha. Huruma unayo, kwani maji ya kuoga nani anamchemshia? Kilichopungua ni kumjua. Tuna methali tunayopenda kuwazibia watu midomo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sawa, hujui. Basi si umuulize anayekilalia?

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapohapo. Marehemu mume wangu alikuwa utingo wa lori. Siku moja aliingia usiku nikampokea na hesabu: unga, mafuta ya taa, deni la dukani. Akasema "sawa" akalala na nguo. Wiki mbili baadaye, foleni ya bombani, mke wa dereva wake akanipa pole ya ajali. Ajali gani? Lori lilipinduka, nami nilikuwa nahesabu mafuta ya taa. Ndoo yangu ilijaa ikamwagika sijaiona.

Sasa fanya hivi. Siku anayoshuka usimtajie pesa. Siyo kwa sababu yeye ni mwanaume, mama. Angekuwa yeye anakusubiri wewe utoke sokoni ningemwambia hayohayo. Kesho yake akishaamka, muulize safari ilikuwaje, na ukishauliza nyamaza. Usimkatize kwa "hata mimi". Zamu yako inakuja.

Na ije kweli. Maana yeye naye hajui giza la saa kumi na moja, jinsi mnavyogombania mikungu ya mshare gari likifika, wala mvua inavyokunyeshea mgongoni ukiwa umefunika ndizi badala ya kujifunika wewe. Akiwa mlimani haoni, akiwa nyumbani amelala. Masika, Aprili na Mei, wageni wanapungua na wagumu wengi wako mtaani. Mwamshe siku moja mwende wote. Abebe mkungu. Mtu anayebeba kilo 20 kila siku hatashindwa, lakini atakuona.

Kodi nayo haitasubiri mpate kuelewana. Kabla hajapanda tena, kaeni mpange tipu ya safari hiyo inaenda wapi: kwanza kodi, kisha shule. Mkishapanga, akishuka hamna cha kugombania mlangoni.

Soweto nenda mwenyewe. Usimtume wifi, atafikisha na ya kwake. Omba radhi kwa lile neno la viwanja, hilo tu, usiongeze "lakini na wewe". Halafu mwambie avue kiatu uone hizo kucha.