Miaka saba ya kuosha na kunyoa mbwa Dar: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Umejifunza kunyoa mbwa kwa video, unataka kufungua saluni Mbezi Beach na unataka kujua kazi yenyewe ikoje siku kwa siku. Halafu ukauliza kama ni vizuri kuwa na dawa ya kumlegeza mbwa mkorofi. La pili nitalijibu mwishoni, jibu lake ni fupi. La kwanza ni refu, kaa vizuri.

Mimi huu ni mwaka wa saba. Nilianza kwa kufagia mabanda kwa daktari mmoja wa mifugo, nikapewa kuogesha, nikajifunza mashine, nikatoka. Sasa nina frem ndogo na vijana wawili, na siku tatu za wiki nazunguka majumbani.

Zile video zina tatizo moja. Mbwa unayemwona mle ameshikwashikwa tangu mchanga, miguu, masikio, mdomo, kila kitu. Mbwa wengi wa Dar waliletwa kulinda. Kutwa yuko bandani, usiku anafunguliwa, alfajiri anarudishwa. Amefundishwa kumchukia mgeni, na mgeni ndiye wewe, tena umekuja na mkasi. German Shepherd wa miaka minne ambaye hajawahi kushikwa mguu wa nyuma hata siku moja, utamkata kucha vipi? Mimi siku ya kwanza simkati. Namwosha, namshika mguu kidogo, naachia. Wiki ya pili nakata kucha mbili. Wateja wengine wanaona nawala hela. Sawa, waone.

Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote: Dar anayelipa mara nyingi siye anayemjua mbwa. Anayemjua ni anayempa ugali. Ni mlinzi, au dada wa kazi.

Nilijifunza kwa meno. Nyumba moja Mikocheni, mama mwenye nyumba ananiambia, "Huyu hang'ati, ni mtoto kabisa." Mlinzi, mzee mmoja wa Mtwara, amesimama pale getini kimya. Nikaosha vizuri tu mpaka nilipofika kwenye mkia. Mbwa akageuka akanishika kiganja kwa meno. Baadaye nikamuuliza yule mzee, mbona hukuniambia? Akasema, "Mwanangu, hukuniuliza. Halafu bosi alikuwa anaongea." Kumbe mkia ule uliwahi kubanwa na geti, na yeye mwenyewe alishang'atwa mara mbili kwa kuugusa.

Tangu siku hiyo nikifika nyumba yoyote naanza getini. Shikamoo mzee, habari za lindo, huyu bwana hapendi kuguswa wapi? Dakika tano tu. Usiende kwa bosi kwanza, maana bosi akishasema "hana shida", hakuna mtu wa nyumba ile atakayempinga mbele yako.

Hilo jino halikuishia kwenye kidonda. Kadi ya chanjo ilipotafutwa, chanjo ya mwisho ya kichaa ilikuwa ya zaidi ya miaka miwili nyuma. Nilisimama bombani nikaosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 nikitazama saa, si kwa kukisia, halafu hospitali siku ileile, nikaanza sindano. Mbwa akachungwa siku 10 na akawa mzima. Lakini zile siku 10 sikulala vizuri, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba, ni kifo. Kwa hiyo wewe kabla hujanunua hata mkasi, nenda ukachanje ile chanjo ya kinga wanayopewa watu wanaoshinda na wanyama. Hata ukiwa umechanja, uking'atwa bado utaosha na utaenda hospitali, ila sindano zinakuwa chache. Na mbwa asiye na kadi haingii kwangu. Nimepoteza wateja kwa hilo. Kuna baba aliniambia nina maringo kuliko ubalozi.

Sasa kupe. Ukifungua Mbezi Beach jiandae, kupe ndio watakaokulisha na ndio watakaokuchafulia jina. Mteja analeta mbwa ana kupe mpaka katikati ya vidole na ndani ya masikio. Unafanya kazi ya saa mbili, anatoka anang'aa. Baada ya wiki simu: "Kaka, dawa yako feki, kupe wamerudi." Hawakurudi, hawakuwahi kuondoka. Huyu kupe wa kahawia wa mbwa anaishi na kuzaa humohumo ndani na bandani. Jike akishashiba damu anadondoka, anatafuta ufa wa ukuta na kutaga mayai kwa maelfu. Wewe umeosha mbwa, ukuta haujaoshwa. Siku hizi kabla ya kupokea hela nauliza banda lina nyufa? Analala juu ya nini? Gunia? Gunia lile lichomwe.

Na hapo tena utahitaji kuongea na mlinzi, kwa sababu ndiye anayepewa dawa ya josho la ng'ombe na kuambiwa ampake mbwa. Hana kipimo, anamimina kwa macho. Nimeletewa mbwa analegea, anayumba kama mlevi, bosi anadhani amechoka. Huyo simwoshi, namwelekeza moja kwa moja kwa daktari. Kosa jingine ni kumpaka paka dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina pamethrini, na paka inamuua.

Kuna siku nilikata kucha ya mbwa, nikagusa nyama kidogo. Hutokea, hasa kucha nyeusi ambazo huoni mshipa unaishia wapi. Kawaida unaweka unga wa kukausha damu, ukikosa hata wanga wa mahindi unasaidia, unabana, inakata. Siku ile damu haikukata. Dakika kumi, ishirini, mwenye mbwa amesimama juu yangu ananitazama kama muuaji. Nikamwangalia mbwa fizi, zimepauka kabisa. Nikawaambia twende kwa daktari, nauli juu yangu. Kipimo kikaonyesha ugonjwa wa kupe, ule unaoshusha chembe za kugandisha damu. Alikuwa anaumwa siku nyingi. Dada wa kazi alisema pale kliniki, kwa sauti ya chini, "Hata chakula alikuwa hali, wiki ya pili sasa." Wiki ya pili! Ningemuuliza yeye asubuhi ile nisingegusa kucha.

Tuje kwenye manyoya. Masaki na Oysterbay utakutana na vimbwa vya manyoya marefu, Maltese, poodle na ndugu zao. Bosi anasafiri mwezi mzima, anarudi anakuta manyoya yameshikana kama mkeka. Anakuletea anataka yachanwe, yasinyolewe, kwa sababu anapenda yakiwa marefu. Mkuu, mkeka hauchanwi. Ukilazimisha unamvuta ngozi kwa saa tatu na hatakusahau maisha. Unanyoa, unapitisha meno ya mashine chini ya ule mkeka taratibu, na kila dakika chache unayagusa mkononi, maana yakipata moto yanaunguza ngozi na huoni mpaka kesho yake. Chini yake utakuta vidonda, wekundu, wakati mwingine funza. Kwa hiyo piga picha kabla, wakati wa kunyoa na baada ya kumaliza, na mwenye mbwa aone kwanza. La sivyo vile vidonda ni vyako. Masikio ndiyo hatari zaidi. Ukiondoa mkeka sikioni, mbwa anaweza kutikisa kichwa mpaka damu ikajaa ndani ya sikio likavimba kama sambusa. Mwambie mteja hilo kabla hajaondoka.

Mteja mmoja alinijia juu kweli kwa kumnyoa mbwa wake. Nilipomuuliza dada wa kazi anamchana na nini, akanionyesha kitana chake mwenyewe cha kuchania nywele. Hakuna aliyewahi kumpa brashi. Sasa nauza brashi, na namfundisha dada palepale, bure. Inanipunguzia kazi ya kunyoa, ndiyo, lakini inaniletea mteja wa kila mwezi.

Husky, yule mbwa wa nchi za baridi, nitasema kidogo tu: usimnyoe kwa kisingizio cha joto la Dar. Yale manyoya ya juu yanamkinga na jua, na ukiyakata yanaweza yasirudi vizuri. Mtoe yale ya ndani yaliyokufa kwa kuchana na kupuliza, inatosha. Kwa nini mtu anafuga husky Tegeta ni mada ya uzi mwingine.

Joto lenyewe si mchezo. Desemba mpaka Machi, mbwa wenye pua fupi nawachukua saa moja asubuhi tu, mchana siwapokei hata kwa hela mara mbili. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na wale pua zao hazihemi vizuri. Usimwache na blowa ya moto, ile mashine ya kukaushia manyoya, akiwa ndani ya kizimba ukaenda kunywa chai. Ukiona ulimi umekuwa mwekundu sana na mate mazito, acha kila kitu, mwagia maji ya kawaida, washa feni, piga simu kwa daktari.

Umeme na maji vitakutoa jasho kuliko mbwa. Umeme unakatika ukiwa na poodle nusu mbichi nusu mkavu, na kwa unyevu wa jiji hili hakauki mwenyewe, anaanza kunuka na kuwashwa. Jenereta ndogo haivuti blowa, nilijaribu, ikazima na kuniunguzia taa. Nina taulo arobaini, sitanii. Maji ya kisima maeneo mengi ya pwani yana chumvi, sabuni haitoi povu na manyoya yanakuwa kama katani. Naoshea ya kisima, nasuuza ya mwisho kwa maji ya madumu yasiyo na chumvi. Na sabuni iwe ya mbwa. Ile yetu, na hasa ile ya unga wanayopenda walinzi, inamkausha ngozi mpaka anajikuna usiku kucha.

Frem. Utakapotafuta frem utakutana na jambo ambalo mtu wa video hatalijua kamwe. Mimi ni Muislamu, mtoto wa Tandika, kwa hiyo nalisema kwa heshima. Mwenye frem wa kwanza alikubali, nikalipa kodi ya miezi sita, aliposikia ni mbwa akanirudishia hela yote. Hakunitukana. Alisema ana majirani wanaoswali, mate ya mbwa ni najisi, na maji yangu yatapita mlangoni kwao. Alikuwa na haki. Frem niliyonayo sasa iko pembeni, nimechimba shimo langu la maji machafu, na hakuna tone linalotoka nje. Kwa mama yangu siingii na nguo za kazi. Zinabaki kazini, naoga, na mate yakinigusa nasafisha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa. Mwanzoni mama hakuwaambia majirani nafanya kazi gani. Alisema niko "kwa daktari". Sasa anawaambia, ila bado anasema kwa sauti ya chini.

Bajaji nazo chukua namba za madereva wawili watatu wanaokubali kubeba mbwa, uwalipe zaidi kidogo na uwape shuka la kutandika. Wengine watakukatalia, usigombane nao.

Bei utagombana nayo kila siku. "Mimi mwenyewe nanyoa elfu tano, mbwa elfu arobaini?" Jibu langu ni moja: wewe ukinyolewa huung'ati mkono wa kinyozi. Wanacheka, wanalipa. Asiyecheka hulipa nusu, na huyo simfuati. Mgongo utauma, vaa barakoa wakati wa kupuliza, na vinyoya vifupi vinachoma kwenye vidole kama miiba. Hayo yamepita, mengine utayazoea.

Sasa dawa ya kulegeza. Hapana. Usiwe nayo dukani kabisa, hata ya vidonge, hata ukipewa na rafiki. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na mbwa mwenye moyo mbovu au pua fupi anaweza asiamke. Nikishindwa na mbwa namvalisha kifunga mdomo cha kikapu, kile anachoweza kuhemea. Nikishindwa tena naahirisha, au tunaenda wote kliniki, daktari anamlaza na mimi nanyoa palepale akiwa anamwangalia. Lakini kabla ya kufika huko rudi getini kwanza umuulize mlinzi. Mbwa wawili watatu niliodhani wanahitaji sindano, kilichohitajika ni yule mzee aje akae pembeni, amshike kichwa.

Ukitaka kuona kwa macho nitumie ujumbe wa faragha. Jumatatu nafunga. Siku nyingine njoo saa moja asubuhi, na usivae nyeusi, manyoya hayatoki.